Magego Mawili Yasiyo na Kosa: Kisa cha Nyuralgia ya Neva ya Tano, Dodoma

Mwanamke wa miaka 61, mkulima wa uwele na alizeti katika moja ya wilaya za Dodoma, anaingia kliniki akiwa ameinua kanga mbele ya shavu la kulia bila kuiacha iguse ngozi. Upepo wa Julai unavuma nje na amekuja kwa bodaboda. Anasalimiwa shikamoo, anaitikia kwa kona ya kushoto ya mdomo: "Marahaba mwanangu. Niulize polepole, nikiongea sana inanipiga." Katikati ya sentensi inayofuata ananyamaza, uso unajikunja, mkono unaganda hewani. Sekunde tano hivi. Kisha anaendelea pale alipoachia.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kliniki, wala si historia ya mtu mmoja. Zile sekunde tano ndizo kiini chake: aliyeziona hana haja kubwa ya mashine ili ajue ugonjwa ni nyuralgia ya neva ya tano, yaani maumivu ya neva inayohisi uso.

Maumivu yalianza miezi kumi kabla. Yanatoka kona ya mdomo upande wa kulia na kukimbia hadi mbele ya sikio, mara nyingine yanaruka ubavuni mwa pua. Anayaita shoti: "kama kushika waya." Siku mbaya shoti zinafika arobaini. Kinachoziamsha ni vitu vidogo mno: kunawa uso, mswaki, kutafuna, kucheka, upepo. Uzito umeshuka kutoka kilo 58 hadi 51. Chakula alichobaki nacho ni uji wa vuguvugu na ugali laini kwa mlenda, kwa kuwa mlenda unateleza na hautaki kutafunwa. Ana presha, anatumia amlodipini miligramu 5 na haidroklorothiazaidi miligramu 25 kila siku. Hiyo dawa ya pili itarudi baadaye katika kisa hiki, kwa ubaya.

Mpaka kufika hapo alikuwa ameng'olewa magego mawili ya chini kulia, amemaliza dozi nne za antibiotiki na ametumia diklofenaki hadi tumbo likaanza kuuma.

Jinsi magego yalivyosingiziwa

Ni rahisi kumlaumu aliyeng'oa, lakini njia iliyompotosha ina mantiki yake na itampotosha mwingine kesho.

Kwanza, meno ya mama huyu ni ya kahawia yenye madoa. Amekulia upande wa Singida, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi. Meno ya namna hiyo yanaonekana kama yameoza, ilhali kifaa chenye ncha kikipitishwa juu yake hakizami popote. Rangi si tundu.

Pili, ilichomwa ganzi kando ya gego linaloshukiwa, maumivu yakakoma palepale, ikaonekana ushahidi umepatikana. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika ugonjwa huu. Shoti haianzii kwenye jino. Inaanzia ndani ya fuvu, kwenye mzizi wa neva ya tano (neva ya trijemino) karibu na shina la ubongo, pale ambapo ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, yaani mayelini, imelika. Nyuzi zilizovuliwa ala hurushiana umeme. Lakini ili mzizi ulipuke, mara nyingi unahitaji kuchokozwa na taarifa ndogo kutoka usoni: mguso wa ufizi, wa mdomo, wa shavu. Ganzi inazima taarifa hiyo kwa saa mbili hivi, na shoti zinanyamaza. Kwa hiyo ganzi itatuliza jino bovu na itatuliza neva bovu pia. Kama kipimo cha kutofautisha hivyo viwili haifai kitu.

Tatu, baada ya gego la kwanza kung'olewa alipata wiki tatu za nafuu. Nyuralgia hii ina tabia ya kujificha yenyewe kwa wiki, miezi, hata miaka, na kidonda cha kung'oa kinaweza kuvuruga kwa muda eneo linalochokoza. Maumivu yaliporudi, lawama ikahamia kwa jirani wa gego lililoondoka.

Maswali yaliyokosekana ni manne tu. Pigo moja linachukua muda gani? Sekunde, na kwa kawaida halizidi dakika 2. Jino lenye uvimbe wa ndani huuma kwa dakika nyingi au saa nzima baada ya maji baridi. Nini kinaliamsha? Mguso mwepesi wa ngozi au ufizi, ambao jino bovu haliujali. Katikati ya pigo na pigo kuna nini? Kwa mama huyu, hakuna kitu, na baada ya mfululizo wa shoti kuna dakika chache ambapo hata akigusa shavu haliitiki. Usiku je? Analala. Jino linajulikana kwa kumwamsha mtu saa nane za usiku. Neva hii humwamsha mara chache.

Vigezo vya Shirika la Kimataifa la Maumivu ya Kichwa, toleo la 3 la mwaka 2018, vinasema hayohayo kwa lugha kavu: maumivu ya upande mmoja katika eneo la tawi moja au zaidi la neva ya tano, yanayodumu kuanzia sehemu ya sekunde hadi dakika 2, makali sana, ya mfano wa umeme au kuchomwa, na yanayoamshwa na kitu kisicho na madhara ndani ya eneo hilo.

Kuchunguza uso bila kumtesa

Mgonjwa aambiwe kabla kwamba ataguswa, na upande usiouma uguswe kwanza. Unyuzi wa pamba kwa mguso mwepesi na kijiti kilichovunjwa kwa ncha kali, kwenye paji la uso (tawi la jicho), shavu (tawi la taya la juu) na kidevu (tawi la taya la chini), ukilinganisha kushoto na kulia. Kisha pamba kwenye ukingo wa mboni kuona kama macho yote mawili yanafumba. Kisha aume meno huku vidole vikipapasa misuli ya taya, afungue mdomo ionekane kama taya linakwenda upande. Usikivu wa masikio, nguvu za uso, mwendo wa kutembea kwenye mstari mmoja. Mdomoni: gonga kila jino kwa mpini wa kioo cha meno, tafuta ufa, jipu, kidonda. Angalia makovu ya mkanda wa jeshi kwenye paji la uso. Bonyeza kiungo cha taya mbele ya sikio.

Kwa mama huyu kila kitu kilikuwa sawa, na usawa huo una maana. Neva inayopiga kelele kiasi hiki lakini bado inahisi vizuri ni picha ya kawaida ya nyuralgia ya neva ya tano. Ganzi ya kudumu shavuni ingebadilisha mazungumzo yote: hapo unatafuta uvimbe kwenye pembe kati ya ubongo mdogo na shina la ubongo. Vilevile mgonjwa wa chini ya miaka 40, maumivu ya pande zote mbili, sikio lililopungua kusikia, au historia ya jicho kupoteza uoni na kurudi, jambo linaloelekeza kwenye maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu mayelini. Maumivu yanayoanzia kooni au nyuma ya ulimi wakati wa kumeza ni ya neva ya tisa. Shoti za kwenye jicho zinazoandamana na machozi mengi na jicho kuwa jekundu ni ugonjwa wa familia nyingine ya maumivu ya kichwa, wenye dawa yake.

Dawa, na kwa nini ilionekana imeshindwa

Dawa ya kwanza ni kabamazepini (wengi wanaijua kwa jina la Tegretol). Mama huyu alishapewa: kidonge kimoja cha miligramu 200 kila usiku kwa wiki mbili. Aliacha kwa sababu mbili. Haikumsaidia, kwa kuwa kipimo kilikuwa kidogo na cha mara moja kwa siku, wakati shoti zake ni za mchana. Na mwanamke mmoja kwenye foleni ya dawa alimwambia hiyo ni dawa ya kifafa. Nyumbani waliposikia, ikawa siri ya aibu, kisha ikatupwa. Dakika mbili za kueleza kwamba dawa ileile inatuliza neva ya usoni kama inavyotuliza ubongo zingeokoa miezi mitano. Aliyekuja naye, binti yake, alielezwa pia, maana ndiye anayemkumbusha.

Kabla ya kuanza upya zilipimwa picha kamili ya damu, sodiamu (139 mmol/L), kreatinini (kipimo cha figo), vipimo vya ini, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na VVU. ECG si ya mapambo: kabamazepini haipewi mwenye hitilafu ya kupitisha umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo. VVU nacho kina sababu ya kidawa. Kabamazepini huchochea vimeng'enya vya ini na kuipunguza dolutegraviri, dawa ya VVU, mwilini, hivyo anayetumia TLD (kidonge cha VVU chenye dolutegraviri ndani yake) lazima aongezewe dolutegraviri miligramu 50 saa 12 baada ya ile ya kwanza. Kwa mwanamke kijana swali linalolingana na hilo ni uzazi wa mpango: vidonge na vijiti vinapoteza nguvu.

Kipimo kilipangwa hivi. Siku 1 hadi 3, nusu kidonge (miligramu 100) asubuhi na nusu jioni. Siku ya 4 ikaongezwa nusu, siku ya 8 ikafika kidonge kizima mara mbili, siku ya 12 ikaongezwa nusu nyingine, siku ya 16 kidonge kizima mara tatu, jumla miligramu 600. Kanuni ni kupanda kwa miligramu 100 kila siku tatu au nne kwa mtu wa umri huu, na kusimama pale maumivu yanapokoma au kizunguzungu kinapoanza. Wengi hutulia kati ya 600 na 800. Dari ya kawaida ni 1,200. Vidonge vya kuachia dawa taratibu havitafunwi wala kusagwa, hata kama mdomo unauma.

Alionywa jambo moja kwa mkazo: vipele vya ngozi, hasa vikija na homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, acha dawa siku hiyohiyo na uje. Hatari hiyo iko zaidi katika miezi miwili ya kwanza. Na akipata mzio wa aina hiyo asibadilishiwe fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, kwa sababu ngozi inaweza kuikataa vilevile.

Siku ya tatu shoti zilishuka kutoka arobaini hadi kama kumi na tano. Siku ya kumi na nne alikuwa ametafuna nyama. Itikio hili la haraka lenyewe linaunga mkono utambuzi.

Wiki ya tano shoti zikarudi, kumi kwa siku, kwenye dozi ileile. Hapa ndipo wengi huandika "dawa imeshindwa" na kuhamia nyingine. Kilichotokea ni hesabu ya ini: vimeng'enya vilivyochochewa na kabamazepini vinaichakata kabamazepini yenyewe, na baada ya wiki tatu hadi tano kiwango chake kwenye damu kinashuka ingawa vidonge ni vilevile. Jibu ni kuongeza kidogo. Akapandishwa hadi miligramu 800, shoti zikatulia tena.

Wiki ya nane

Binti alimleta akiyumba, mzito wa kujibu, akisahau siku. Kabamazepini iliyozidi huleta kuyumba, kuona vitu viwiliviwili na kusinzia, na wa kwanza kushukiwa ni antibiotiki ya erithromaisini au klarithromaisini iliyonunuliwa duka la dawa kwa kikohozi, kwa kuwa zinazuia ini kuichakata. Hakuwa amenunua kitu. Sodiamu ilikuwa 124.

Kosa lilikuwa kliniki. Kabamazepini hulifanya figo kubakiza maji, na haidroklorothiazaidi humwaga sodiamu. Zote mbili kwa mwanamke wa zaidi ya miaka 60 anayekula uji ni mtego uliotegwa kwa mikono miwili, na hiyo dawa ya presha ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili. Kipimo cha wiki ya pili kilikuwa kimeonyesha 135. Kwa kuwa 135 ni ndani ya kiwango cha kawaida, hakuna aliyeona kwamba ilikuwa imeshuka nne kutoka 139.

Alilazwa. Haidroklorothiazaidi ilisimamishwa moja kwa moja, maji yakawekewa mpaka wa lita 1 kwa siku, kabamazepini ikashushwa hadi 400 ndani ya siku nne, na sodiamu ikapimwa kila saa sita siku ya kwanza. Kipimo cha mara kwa mara kinahitajika kwa sababu thiazaidi ikiondoka sodiamu inaweza kupaa yenyewe, na ikipanda zaidi ya 8 hadi 10 kwa saa 24 inaweza kudhuru shina la ubongo. Angekuwa na degedege au amepoteza fahamu, angepewa maji ya chumvi ya asilimia 3, mililita 100 hadi 150 kwa dakika kumi hadi ishirini. Baada ya saa 24 alikuwa 130, siku ya nne 134, na akili imerudi.

Palikuwa na pendekezo la kumhamishia okskabazepini, ndugu wa kabamazepini, kwa kuwa "ni laini zaidi". Ni laini kwa mambo mengine. Kwa sodiamu ni kali kuliko kabamazepini, kwa hiyo lilikataliwa. Ikaongezwa baklofeni (dawa ya kulegeza misuli) miligramu 5 mara tatu, ikapanda hadi 10 mara tatu baada ya wiki moja. Nayo haiachwi ghafla. Kwa mchanganyiko huo alibaki na shoti moja au mbili kwa wiki, fupi.

Presha ilipanda hadi 164/96, jambo la kutarajiwa: dawa moja imetolewa na amlodipini imedhoofishwa na vimeng'enya vilevile. Iliongezwa lisinoprili miligramu 10, ambayo haichakatwi na ini, na potasiamu na kreatinini zikapimwa wiki mbili baadaye.

Picha na upasuaji

MRI inapatikana Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, lakini MRI ya kichwa iliyoombwa kwa maneno mawili itarudi na jibu "kawaida" na fedha imekwenda. Fomu iandikwe: nyuralgia ya neva ya tano kulia, vipande vyembamba vya milimita 1 au chini ya hapo kwenye shina la ubongo, T2 nzito inayong'arisha maji ya ubongo, angiografia ya MRI (picha ya mishipa ya damu), na gadolinia (dawa ya sindano ya kung'arisha picha) kama kreatinini inaruhusu. CT haioni mshipa unaogusa neva, ingawa inaweza kuona uvimbe mkubwa.

Picha ilionyesha ateri ya juu ya ubongo mdogo ikiwa imebonyeza na kupinda mzizi wa neva upande wa kulia. Kubonyeza na kupinda ndiko kunakohesabika. Kugusana tu si ushahidi, watu wengi wasio na maumivu wana mshipa unaogusa neva, na ripoti ya namna hiyo isimpeleke mtu kwenye kisu kama historia haikubali.

Alipewa rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ili achague akiwa na akili tulivu. (Kwa treni ya SGR, kanga ikiwa begani na kiti mbali na tundu la kiyoyozi.) Upasuaji unaoondoa chanzo hufungua dirisha dogo nyuma ya sikio, mshipa unatengwa na neva na kipande cha Teflon kinawekwa katikati. Takriban wagonjwa 7 kati ya 10 huwa bado hawana maumivu baada ya miaka kumi. Hatari zake ni kupungua kusikia, maji ya ubongo kuvuja, ganzi ya uso, na mara chache kiharusi au kifo. Kwa asiyeweza kuhimili dawa ya usingizi ndefu kuna njia za sindano kupitia shavuni: joto, gliseroli au puto dogo linalobana kifundo cha neva. Zinafanya kazi kwa kuijeruhi neva, hivyo uso hubaki na ganzi kiasi, maumivu huelekea kurudi mapema zaidi, na wachache hupata adhabu mbaya ya ngozi isiyohisi lakini inayouma daima.

Aliamua kusubiri, akaandikiwa kwamba mlango uko wazi iwapo shoti zitazidi dozi au sodiamu itashuka tena. Ni uamuzi wa busara kwa mtu mwenye shoti mbili kwa wiki. Usingekuwa wa busara kwa yule wa shoti arobaini anayeyumba kwa dawa, na kosa la kawaida ni kumchelewesha huyo miaka mingi kwa kumbadilishia vidonge.

Mpango wa kupunguza ulikuwa huu: miezi mitatu bila shoti, basi miligramu 100 za kabamazepini zitolewe kila wiki mbili, shoti ikirudi, arudi hatua moja. Kupunguza kusianzishwe Juni, upepo unapoanza. Sodiamu kila miezi mitatu, na wiki mbili baada ya kila kupandisha dozi. Ikija siku ya dharura ambayo hata maji hayapiti, aje hospitali: lidokeini (dawa ya ganzi) kidogo kwenye eneo linalochokoza humpa nafasi ya kunywa na kumeza dawa, maji ya mshipa yakiendelea, na fenitoini ya mshipani hutolewa polepole akiwa kwenye kifaa cha kufuatilia moyo. Mofini na tramadoli si za ugonjwa huu.

Mwezi wa tisa wa matibabu alirudi na maumivu mapya, upande uleule wa kulia, juu. Maji ya baridi yanayaamsha na yanabaki robo saa. Yanadunda. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala. "Hili ni jino," alisema mwenyewe kabla ya kuulizwa. "Ile nyingine haijui usiku."

Gego dogo la juu lilipogongwa aliruka. Eksirei ikaonyesha tundu lililofika kwenye kiini. Alimeza dozi yake ya asubuhi kama kawaida. Ganzi ilichomwa kwenye shina la tawi, mbali na kona ya mdomo inayochokoza, na ilikuwa bupivakaini, dawa ya ganzi ya muda mrefu, ili ganzi ikae saa nyingi baada ya kazi. Antibiotiki haikuhitajika; ingehitajika ingekuwa amoksilini, bila erithromaisini. Parasetamoli gramu 1 ikatosha. Kwenye kadi ya meno daktari aliandika namba ya jino, kilichoonekana kwenye picha, kisha mstari mmoja chini yake: shoti za shavu la kulia hazitokani na jino hili, wasiliana na kliniki kabla ya kung'oa jingine.